Kuuza hisa za kukopa: kilichoiangusha Melvin Capital Januari 2021

Januari 2021, Melvin Capital, hejifandi (mfuko binafsi wa uwekezaji) ya New York, ilipoteza asilimia 53 ya thamani yake ndani ya mwezi mmoja. Ilikuwa imeuanza mwaka ikisimamia takriban dola bilioni 12.5. Sehemu kubwa ya balaa hilo ilitoka kwenye hisa za GameStop, kampuni ya maduka ya michezo ya video yenye makao yake Grapevine, Texas, na waliozinunua hisa hizo kwa wingi walikuwa watu wa kawaida, kwa simu zao, wakihimizana mitandaoni.

Kisa hiki husimuliwa kama vita vya wanyonge dhidi ya matajiri. Hilo lina ukweli wake, lakini linatuficha jambo kubwa zaidi: hasira za mitandaoni peke yake hazifilisi mtu. Melvin ilikuwa imeingia kwenye biashara ambayo, ikigeuka, humlazimisha mfanyabiashara kumsaidia adui yake. Biashara hiyo ni kuuza hisa za kukopa.

Maana yake ni hii: unaazima hisa kwa mwenye nazo, unaziuza leo, unasubiri bei ishuke, unazinunua tena kwa bei nafuu na kumrudishia mwenyewe. Tofauti ya bei inabaki kwako. Chukua mtu aliyeazima gunia la mahindi kwa jirani wakati maghala yamekauka na bei iko juu. Analiuza siku hiyohiyo. Mavuno yakiingia na bei ikaporomoka, ananunua gunia jingine kwa nusu ya fedha aliyopata, analirudisha, na nusu iliyosalia ni yake. Lakini jirani hadai fedha, anadai gunia. Ukame ukipiga na gunia likauzwa mara tano ya bei ya awali, deni bado ni gunia moja, na lazima lipatikane.

Kwenye soko la hisa mkopeshaji kwa kawaida ni dalali, anayetoa hisa zilizo kwenye akaunti za wateja wake au anazozipata kwa wawekezaji wakubwa kama mifuko ya pensheni. Mkopaji hulipa ada ya kuazima na huweka dhamana. Bei ikipanda, anatakiwa aiongeze dhamana hiyo. Akishindwa, dalali huzinunua hisa mwenyewe kwa bei yoyote atakayoikuta sokoni, na hasara inaandikwa kwa mteja.

Sasa tupige hesabu. Umeazima hisa 100 na kuziuza kwa dola 20 kila moja, umepata dola 2,000. Bei ikishuka hadi dola 5, unazirudisha kwa dola 500 na kubaki na 1,500 kabla ya ada. Hata kampuni ikifa kabisa, faida yako haiwezi kuzidi zile 2,000. Lakini bei ikipanda hadi dola 347, kuzirudisha kutakugharimu dola 34,700, yaani hasara ya 32,700 kwa biashara ambayo isingeweza kukupa zaidi ya 2,000. Anayenunua hisa kwa fedha zake hupoteza, kwa ubaya kabisa, kile alichoweka. Anayeuza za kukopa hana sakafu ya kukanyaga, kwa sababu bei haina mwisho wa kupanda. Wanaofanya biashara kwa programu za simu zinazoruhusu kubonyeza "sell" kabla ya kununua chochote waitazame hesabu hii vizuri, maana huko nako upande wa hasara uko vilevile.

Kwa nini basi watu wenye akili na elimu ya fedha wanaifanya? Kwanza, ni kinga. Alfred Winslow Jones, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa hejifandi ya kwanza huko Marekani mwaka 1949, alinunua hisa alizoziamini na papo hapo akauza za kukopa zile alizoziona mbovu, ili soko zima likishuka asiangamie. Hejifandi za leo, ambazo huchukua fedha za matajiri na taasisi tu, zimerithi utaratibu huo. Pili, mtu anayefaidika na anguko la kampuni ana sababu ya kuchimba mahesabu yake. Jim Chanos, muuzaji maarufu wa hisa za kukopa, aliishuku Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, kabla haijafilisika mwaka 2001. Kwa Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, mamlaka ya nchi hiyo ilipiga marufuku kwa muda kuuza hisa zake za kukopa, Februari 2019. Juni 2020 ikadhihirika kwamba euro bilioni 1.9 zilizoandikwa vitabuni hazikuwepo. Walioitilia shaka ndio waliokuwa sahihi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema biashara hii ni wizi na ifutwe. Soko ambalo kila mtu analazimika kusifu tu ni soko la hatari.

Ubaya unaanza wauzaji wanapojazana mlango mmoja. Muuzaji wa hisa za kukopa hana njia ya kutoka ila kununua. Akinunua, bei inapanda. Ikipanda, mwenzake mwenye deni kama lake anadaiwa dhamana zaidi, naye analazimika kununua, na bei inapanda tena. Huo ndio mbano wa wauzaji. Dunia ilikuwa imeshauona: Oktoba 2008 Porsche ilitangaza kwamba, kwa hisa na kwa mikataba ya haki ya kununua, imeshika asilimia 74.1 ya Volkswagen. Jimbo la Lower Saxony lilikuwa na karibu asilimia 20 na halikuwa na nia ya kuuza. Kilichobaki sokoni kilikuwa kidogo kuliko deni la wauzaji. Hisa moja ikavuka euro 1,000, na kwa muda mfupi Volkswagen ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani.

GameStop ilikuwa na hali ya namna hiyo, tena imeandikwa wazi. Michezo ilikuwa inapakuliwa kwa intaneti, maduka yakikosa wateja, kisha ikaja korona. Aprili 2020 hisa yake iliuzwa chini ya dola 3. Melvin ilikuwa ikiuza za kukopa tangu ilipoanzishwa na Gabriel Plotkin mwaka 2014, na hejifandi nyingine nyingi zilifuata mkondo huohuo. Kufikia Januari 2021, kwa mujibu wa ripoti ya SEC, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, hisa zilizouzwa kwa kukopa zilifikia karibu asilimia 123 ya zile zilizokuwa huru kuuzwa sokoni. Msomaji atauliza deni linawezaje kuzidi mali yenyewe. Ni kwamba hisa iliyoazimwa ikishauzwa, mnunuzi mpya ni mwenye hisa halali, na dalali wake anaweza kuikopesha tena. Hisa moja inadaiwa mara mbili.

Walioliona hilo hawakuwa wachawi. Keith Gill wa Massachusetts, aliyejulikana YouTube kama Roaring Kitty, alikuwa ameweka takriban dola 53,000 kwenye GameStop tangu 2019 na kueleza hadharani kwa nini anaamini kampuni hiyo imedharauliwa kupita kiasi. Kwenye Reddit, mtandao wa majadiliano, watu walisoma taarifa za robo mwaka ambazo hejifandi hulazimika kuwasilisha, wakaona kwamba Melvin ilikuwa na mikataba ya kufaidika GameStop ikianguka. Adui akapata jina. Tarehe 11 Januari kampuni ilitangaza kwamba Ryan Cohen, mwanzilishi mwenza wa Chewy, duka la mtandaoni la bidhaa za wanyama wa kufugwa, anaingia kwenye bodi, na wanunuzi wakapata sababu ya kuamini. Biashara bila kamisheni ilikuwa imeenea, watu wako majumbani, na baadhi walikuwa wamepokea fedha za ruzuku ya serikali.

Kilichofuata kilikwenda kasi. Tarehe 4 Januari hisa ilifunga kwa dola 17.25, na tarehe 27 kwa dola 347.51. Akaunti zilizofanya biashara ya GameStop kwa siku zilitoka chini ya 10,000 mwanzoni mwa mwezi hadi karibu 900,000. Tarehe 25 hejifandi kubwa za Citadel na Point72 ziliingiza dola bilioni 2.75 ndani ya Melvin, nayo ikafunga deni lake la GameStop, yaani ikanunua hisa kwa bei ya juu na kuzirudisha. Maplelane Capital, hejifandi nyingine, nayo ilipoteza karibu asilimia 45 mwezi huo. (Anayetazama chati leo atakuta namba ndogo zaidi, kwa sababu Julai 2022 kila hisa iligawanywa kuwa nne.)

Alfajiri ya tarehe 28, chombo kinachosimamia malipo ya hisa Marekani kiliitaka Robinhood, dalali wa programu ya simu iliyotumiwa na wengi wa wanunuzi hao, iongeze amana yake kwa takriban dola bilioni 3. Wakati ule malipo ya hisa yalikamilika baada ya siku mbili, na katika siku hizo mbili dalali ndiye anayebeba hatari. Robinhood ikazuia wateja kununua GameStop huku ikiwaruhusu kuuza. Bei, iliyokuwa imegusa dola 483 asubuhi hiyo, ilifunga kwa 193.60. Wengi waliona ni njama ya kuziokoa hejifandi. Mimi naona udhaifu wa mtaji ulitosha kuieleza hatua hiyo, ila kwa aliyefungiwa mlango wa kununua na kuachiwa wa kuuza tu, maelezo hayo hayakuwa na faraja.

Ripoti ya SEC ya Oktoba 2021 ina jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita. Ilikubali kwamba wauzaji waliobanwa walinunua na kuchangia kupanda kwa bei. Lakini ununuzi wao ulikuwa sehemu ndogo ya ununuzi wote, na bei iliendelea kuwa juu hata baada ya madeni mengi kufungwa. Walioishikilia huko juu walikuwa wanunuzi wengine wapya. Hapa ndipo hadithi ya wanyonge walioshinda inaponiuma. Hejifandi nyingine zilikuwa upande wa wanunuzi: Senvest Management ya New York ilivuna takriban dola milioni 700 kwa kuuza mapema. Aliyeingia kwa dola 300 kwa sababu habari ilikuwa kila mahali, na akashikilia kwa uaminifu kama alivyohimizwa na wenzake, kufikia 19 Februari alikuwa na hisa ya takriban dola 40. Hasara yake haikuandikwa gazetini.

Melvin haikupona. Mei 2022 Plotkin aliwatangazia wawekezaji kwamba anaifunga na kuwarudishia fedha zao. Wasimamizi wengine walipunguza ukubwa wa madau yao kwenye kampuni moja, na wakaanza kufuatilia mazungumzo ya wawekezaji wadogo kama wanavyofuatilia taarifa za faida. Oktoba 2023 SEC ilipitisha kanuni ya kuwataka wasimamizi wakubwa waripoti kila mwezi hisa walizouza kwa kukopa, ingawa utekelezaji wake uliahirishwa. Na tangu 28 Mei 2024 malipo ya hisa Marekani hukamilika kwa siku moja badala ya mbili. Vlad Tenev, mkuu wa Robinhood, alikuwa ameomba yawe ya papo kwa papo.