Mtogwa, mkangafu na ndugu aliyekaa mbele yangu

Mvua zikishakolea huku kwetu Iringa, kuanzia Januari hivi, swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu Utatu wala unyakuo. Ni hili: "Mchungaji, mtogwa nao ni pombe?" Wananiuliza wazee wa kanisa, vijana wa kwaya, na akina mama wenye mianzi yao nyuma ya nyumba. Nimefundisha Agano Jipya miaka mingi, na naona swali hili linastahili jibu refu kuliko lile ninalolitoa mlangoni mwa kanisa huku watu wakipeana mikono.

Kwa msomaji asiyeufahamu, mtogwa ni ulanzi mbichi, na ulanzi ni maji ya mwanzi. Chipukizi changa hukatwa ncha, ikafungiwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi kilichofanywa chombo, na mgemaji hurudi asubuhi na jioni kulikwangua lile jeraha kwa kisu kikali lisije likafunga. Kinachodondoka ni kitamu, mfano wa maji ya sukari yenye harufu ya majani mabichi. Huo ndio mtogwa, na mtoto hupewa. Lakini hamira ya asili imo tayari ndani ya mbeta, imebaki tangu jana, na tone la kwanza likitua tu kazi inaanza. Ulioteremshwa asubuhi, jioni umeshachangamka. Ukilala siku moja au mbili unakuwa mkangafu, na mkangafu huangusha wanaume wazima. Hakuna saa ambayo mtu anaweza kunyoosha kidole na kusema kinywaji kimeishia hapa, pombe imeanzia hapa.

Naeleza haya kwa sababu divai ya Biblia nayo ilikuwa hivyohivyo. Wapo wahubiri, nami nawaheshimu, wanaofundisha kwamba Bwana Yesu, alipogeuza maji kwenye harusi ya Kana, aliwapa watu juisi. Sikubaliani nao. Zabibu za nchi ile huvunwa mwishoni mwa kiangazi, na Pasaka huja miezi sita au zaidi baadaye. Watu wa zamani hawakuwa na njia ya kawaida ya kuiweka juisi muda wote huo isichachuke. Juisi ya zabibu kwenye meza ya Bwana ina historia inayojulikana: mwaka 1869, Thomas Welch, daktari wa meno na Mmethodisti kule New Jersey, Marekani, alitumia njia ya Louis Pasteur ya kupasha moto ili kanisa lake lipate kikombe kisicho na kileo. Kwenye harusi ile ya Kana, Yohana anataja mabalasi sita, kila moja nzio mbili au tatu. Nzio moja ni karibu lita 40, kwa hiyo tunazungumzia lita 480 hadi 700 na zaidi. Ni kweli kwamba mezani watu wa enzi zile kwa kawaida waliichanganya divai na maji. Lakini ilikuwa divai.

Biblia haijaficha pande zote mbili. Zaburi ya 104 inamshukuru Mungu kwa divai inayoufurahisha moyo. Mithali 23 inamchora mlevi mwenye macho mekundu, aliyeumwa kama na nyoka. Paulo anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo, na huyohuyo anawaambia Waefeso wasilewe. Yohana Mbatizaji hakugusa kileo. Bwana alikunywa, akaitwa mlevi kwa ajili hiyo. Ndiyo maana makanisa yetu hayajakubaliana: Wakatoliki na Waanglikana wengi husema kiasi, Wasabato na Wapentekoste husema usiguse, na sisi Walutheri wa nyanda hizi tumekaa katikati. Luther alikunywa bia iliyopikwa na mkewe, Katharina, lakini Uamsho, lile vuguvugu la wokovu lililotufikia kutoka Rwanda, ulitufundisha kuihesabu pombe miongoni mwa alama za mtu ambaye hajaokoka. Mimi ni mtoto wa mapokeo yote mawili.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni kwamba Maandiko hayajamkataza Mkristo mtogwa. Lakini mtu anayeishia hapo hajafika Warumi 14 wala 1 Wakorintho 8, na huko ndiko mtume Paulo anakolishughulikia jambo hili kwa uzito, ingawa kwa Wakorintho kilichobishaniwa ni nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu.

Kiswahili chetu kimetumia neno kikwazo. Ukilisikia unawaza kisiki au jiwe njiani: mtu anajikwaa, anasugua kidole, anaendelea na safari. Mojawapo ya maneno ya Kigiriki anayoyatumia Paulo ni hilo kweli. Lakini lipo jingine, skandalon, ambalo asili yake ni kijiti cha mtego, kile kinachobeba chambo. Sisi tuliochunga utotoni na kutega kwale tunakijua kijiti hicho. Ndege akikigusa, mtego unafyatuka, na mwenye kumfungua si yeye tena. Hicho ndicho Paulo anachoogopa kukiweka mbele ya ndugu yake, hata akasema afadhali asile nyama milele.

Mimi nilijifunza hili kwa gharama ya mtu mwingine.

Ilikuwa siku ya mahari, mwezi wa pili, kijiji kimoja upande wa Kilolo. Mwenyeji wangu alimimina mtogwa wa asubuhi ileile kwenye kikombe cha bati, akaonja yeye kwanza kama desturi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikanywa. Sikuwa na shaka, na hata leo siamini kwamba nilitenda dhambi kwa kile kilichoingia tumboni. Lakini mbele yangu, kwenye benchi lililoegemea ukuta, alikaa ndugu mmoja niliyemfahamu vizuri. Alikuwa ameacha pombe miaka mitatu. Usiku alioamua kuacha tuliomba pamoja mpaka majogoo. Alishika chupa ya soda mikono miwili, ameifunika mdomo kwa kidole gumba. Akanitazama nikinywa, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kumbe Mchungaji unatumia."

Nikamjibu, "Mtogwa huu, baba. Hauna kitu."

Aliweka soda chini, chini ya benchi, akanyoosha mkono apewe kikombe.

Mchana alikunywa mtogwa. Jioni ulitolewa mkangafu, na mimi nilikuwa nimeshaondoka. Kwaresima ilipoanza alikuwa anashinda kilabuni. Mkewe alinifuata baada ya ibada moja, akanishika mkono, akanisalimu, "Kamwene, Mchungaji," akanyamaza kwa muda mrefu. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba watoto wameanza tena kulala kwa shangazi yao.

Niliporudi kufundisha 1 Wakorintho 8 nilikwama kwenye mstari wa 10. Paulo anasema dhamiri ya ndugu dhaifu akikuona umeketi kula katika hekalu la sanamu itapata nguvu hata naye ale. Kitenzi alichokiandika kwa Kigiriki ni kujenga, kilekile anachokitumia kwa kulijenga kanisa. Dhamiri yake itajengwa, na itajengwa kuelekea maangamizi. Nilikuwa nimeupita mstari huo darasani mara nyingi. Siku ile nilisimama mbele ya wanafunzi nikaona lile tofali nililomkabidhi ndugu yangu: maneno mawili, "Hauna kitu." Kwangu hayakuwa na kitu. Kwake yalikuwa ruhusa kutoka kwa mtu aliyemwombea.

Serikali ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, Machi 2017 tulishangilia makanisani, na ilistahili. Lakini hakuna sheria inayoweza kunionyesha nani amekaa benchi la mbele yangu. Hilo nilitakiwa kulijua mwenyewe, maana mimi ndiye mchungaji wake.

Nataka niseme na upande wa pili, kwa sababu nimeona mstari huu ukigeuzwa fimbo. Mzee ambaye hajawahi kuonja pombe wala hataonja, anaposema "unanikwaza", mara nyingi anamaanisha kwamba amechukizwa. Huyo si ndugu dhaifu wa Paulo. Hakuna mtego unaomfyatukia. Warumi 14 inamkataza asiyekula kumhukumu alaye kwa nguvu ileile inayomkataza alaye kumdharau asiyekula. Na inaniuma ninaposikia "ole wake ampaye jirani yake kileo" ikihubiriwa kwa mama anayepika komoni, pombe ya kienyeji, ili alipe ada, huku mwenye baa anayetoa sadaka nono akipewa kiti cha mbele. Kama maneno hayo ya nabii Habakuki yanahubiriwa, na yahubiriwe kwa wote wawili. Na mama yule aulizwe kwanza ni kazi gani nyingine tuliyomsaidia kuipata.

Siku hizi msimu wa ulanzi sinywi hadharani. Sijaapa, na mwenzangu anayekunywa kwa kiasi simhukumu. Kamati za harusi nazishauri mambo ya kawaida kabisa: togwa (kinywaji cha nafaka, si mtogwa) na chai vitangulie kutoka jikoni kabla ya ulanzi, visisubiri mtu aombe, na asiyekunywa asiulizwe sababu mbele za watu. Swali lile, "Mbona hunywi?", limewarudisha wengi, hasa kwenye mgowe, yaani kazi ya kusaidiana, ambapo kikombe ndiyo shukrani ya kazi na kukikataa kunaonekana kama kuikataa nyumba. Mwenyeji akiwa na kitu kingine cha kumshukuru mtu, hata sahani ya nyama peke yake, mkono wa yule mtu unapata cha kushika.

Yule ndugu alirudi kanisani baada ya miezi kumi na minne. Nilikwenda kwake kuomba msamaha, na alikubali baada ya kimya kirefu. Mwaka huu mvua zilipoanza alinialika tena. Tulikunywa chai ya tangawizi, kisha akanitembeza nyuma ya nyumba. Msimu ndio unamsumbua, aliniambia, ile harufu ya asubuhi. Kwenye mianzi yake hakuna mbeta hata moja iliyofungwa. Machipukizi ameyaacha yakue, atayakata fito za uzio.