Sarufi na mtoto anayesomea nyumbani

Wazazi wengi wanaofundishia nyumbani huamini kwamba mtoto wa miaka 5 asipoanza sarufi mapema hataongea wala kuandika sawasawa. Hofu hiyo inaeleweka. Ila kanuni nyingi mtoto anazo tayari, amezipata kwa kusikia.

Mjaribu: chora kidude, mwambie, “Hiki ni kigazu.” Chora cha pili: “Sasa viko viwili. Hivi ni nini?” Mara nyingi atajibu “vigazu”, neno ambalo hajawahi kulisikia! Jaribio la namna hii lilifanywa kwa Kiingereza mwaka 1958, kwa watoto wa miaka 4 hadi 7.

Kinachoweza kusubiri ni istilahi: nomino, kitenzi, ngeli. Kwa maoni yangu, zingoje hadi aandike sentensi zake bila kuhangaika. Kwa sasa msomee hadithi, kisha mwache naye akusimulie.