Je, wajua kwa nini epoksi ya meza hupasuka kwenye fimbo ya kuvulia samaki?

Ukipita kwa mafundi wa fanicha wa Barabara ya Ngong siku hizi, hukosi kuona meza ya mbao yenye mkondo wa epoksi, ile gundi angavu ya kemikali inayoganda, katikati, imeng'arishwa hadi unajiona uso. Ndiyo maana mtu wa Nairobi anayejitengenezea fimbo ya kuvulia samaki, akifika hatua ya kupaka epoksi kwenye uzi unaoshika pete za fimbo, huuliza swali la haki kabisa: epoksi si ni epoksi? Kwa nini niagize kichupa kidogo cha epoksi ya fimbo kutoka Marekani, nisubiri mzigo na nilipe ushuru, ilhali duka la rangi lina mtungi mzima?

Meza haipindi. Hapo ndipo tofauti yote inapoanzia.

Fimbo ya kisasa ni ufito wa kaboni au faibaglasi, wenye uwazi ndani na kuta nyembamba. Pete zinazopitisha mshipi haziwezi kupigiliwa msumari wala kuchomelewa humo. Kila pete ina mguu wa chuma, mmoja au miwili. Mguu unalazwa juu ya ufito, halafu unazungushiwa uzi wa nailoni uliokazwa, mzingo kando ya mzingo bila mwanya. Uzi ndio unaoshika pete. Kazi ya epoksi ni kuufunga uzi huo usifumuke, kuukinga na mikwaruzo ya mawe na ya mashua, na kuzuia maji yasipenye.

Sasa samaki akivuta, ufito hupinda, lakini mguu wa pete ni chuma kigumu na haufuati mpindo ule sawasawa. Nguvu yote inakusanyika pale ncha ya mguu inapoishia. Epoksi ya meza imetengenezwa iwe ngumu, isichubuliwe na sahani wala kuacha alama ya kikombe cha chai, na ugumu huo ukipindishwa mara nyingi hukatika. Ufa wenyewe ni mdogo. Chukua fimbo iliyopakwa hivyo baada ya msimu mmoja, uigeuze kwenye mwanga wa dirisha, utaona kiduara cheupe chembamba kinachozunguka uzi, karibu kabisa na ncha ya mguu. Kwa mvuvi wa trauti wa mito ya Gatamaiyu au Chania, hilo linaweza kukaa kwa muda bila madhara makubwa. Ukiipeleka fimbo hiyo Malindi au Watamu kutafuta sulisuli, maji ya chumvi huingia kwenye ufa na kuanza kula mguu wa pete ukiwa umefunikwa, nawe huoni kitu mpaka pete ing'oke.

Epoksi ya fimbo huundwa kwa kemikali zenye molekuli ndefu zaidi na zenye kunyumbuka, ili ikishakauka ibaki na ulegevu kidogo. Kuna jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya kabla ya kuharibu kazi yake. Changanya kidogo vimiminika viwili vya epoksi, yaani resini na kigumishi, umimine kitone kipana kwenye karatasi ya foili, ukiache siku mbili tatu, halafu ukibandue na ukikunje kwa vidole. Epoksi ya fimbo itapinda na kurudi taratibu. Ile ya meza itagoma, kisha itakatika kwa mlio. Mimi ningeanza na jaribio hili hata kwa chupa iliyoandikwa kuwa ni ya fimbo, hasa kama imekaa dukani muda mrefu.

Tofauti ya pili ni uzito wa uji wenyewe. Epoksi ya kumimina hutengenezwa iwe nyepesi na ichelewe kuganda, ili mapovu yapate muda wa kupanda kutoka chini hadi juu. Kwenye ufito mwembamba, wepesi huo ni balaa. Inatiririka, inajikusanya upande wa chini na kudondoka, na saa nyingi zinapita kabla haijatulia. Za fimbo zina uzito wa kushikilia pale zilipopakwa, na mara nyingi baada ya saa chache huwa hazitiririki tena.

Hata ukizifikia hizo za fimbo, bado una uamuzi. Kampuni zinazojulikana katika kazi hii, kwa mfano Flex Coat na ThreadMaster, huuza aina mbili: nyepesi na nzito. Nzito hujaza mabonde ya uzi kwa mkono mmoja au miwili, yaani tabaka moja au mbili za kupaka. Nyepesi huhitaji miwili au mitatu, lakini hupenya vizuri zaidi kati ya nyuzi na huachia mapovu kwa urahisi. Kwa fimbo ya kurushia chambo cha inzi bandia, ambayo uzuri wake ni wepesi wa ncha, chagua nyepesi bila kusita. Kila gramu unayoongeza karibu na ncha huichelewesha fimbo kurudi ilipokuwa unaporusha. Kwa fimbo nene ya mashua ya kuvutia mbuta ziwani Victoria, au ya bahari kuu, nzito inafaa, na huko unene kidogo ni kinga. Lakini kwa anayeanza ningeshauri nyepesi hata kwa fimbo nene. Mikono miwili myembamba inasamehe makosa ambayo mkono mmoja mnene hausamehi.

Kuna na jambo la rangi, ambalo huwashtua wengi. Unachagua uzi mwekundu uliokolea, unapaka epoksi, na mbele ya macho yako wekundu unazama na kuwa hudhurungi, hata mguu wa pete unaonekana chini yake. Uzi haujachujuka. Ukiwa mkavu, kuna hewa kati ya nyuzi ndogondogo zilizousuka, na mwanga hugongagonga kwenye mipaka hiyo na kutawanyika, ndipo macho yanaona rangi nzito. Epoksi hufukuza hewa na kuchukua nafasi yake, nayo hupindisha mwanga karibu sawa na nailoni: nailoni ni takriban 1.53, epoksi iko jirani na 1.55. Mwanga haukuti tena mpaka wa kugonga, unapita. Ni jambo lilelile la shati jeupe linaloonyesha ngozi likilowa.

Ukitaka rangi ibaki, njia ni mbili. Ya kwanza ni kupaka kwanza dawa ya kuhifadhi rangi, ambayo huziba uzi kabla epoksi haijafika. Ya pili ni kununua uzi uliotibiwa kiwandani usihitaji dawa hiyo. Napendelea ya pili, kwa sababu dawa ikipakwa vibaya huacha mabaka, moja limekolea na jingine limezama, na ikiwa haijakauka barabara unyevu wake hufanya ukungu chini ya epoksi. Tena, uzi ulioshiba dawa haunywi epoksi sawasawa, kwa hiyo gamba la juu linakaa juu ya uzi badala ya kushikana nao. Nyuzi za metali hazina shida hii, rangi yake haibadiliki.

Pamoja na rangi, fikiria jua. Sehemu kubwa ya epoksi hujengwa juu ya kemikali yenye miduara ya atomi za kaboni inayofyonza miale ya urujuanimno, na polepole hugeuka manjano. Nairobi iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na miale hiyo hapa ni mikali hata siku ambayo husikii joto. Epoksi nzuri huwekewa dawa ya kuchelewesha umanjano, ila hakuna inayouzuia kabisa. Kwa uzi mweupe au wa samawati hafifu, tofauti itaonekana. Kwa mweusi au kahawia, hutajua. Mfuko wa kitambaa wa kuhifadhia fimbo unasaidia sana.

Tufike kwenye kuchanganya, kwa sababu hapa kuna mazoea ya gereji yanayoharibu kazi. Mafundi wa bodi za magari wa Kirinyaga Road, pale ambapo wengi bado wanapaita Grogan, wanajua kwamba ukitaka filla, ule uji wa kuziba mabonde ya bodi, ikauke haraka unaongeza kigumishi. Na kwa filla ni kweli, kwa sababu ni poliesta, na kile kigumishi ni kichochezi tu cha kuanzisha mmenyuko. Epoksi haiko hivyo. Kigumishi chake ni nusu ya jengo, na kila molekuli yake inatafuta ya resini ya kushikana nayo. Ukizidisha, zinabaki zisizo na wenza, na gamba linabaki laini au linanata siku zote. Ukipunguza, mambo ni yaleyale upande wa pili.

Epoksi nyingi za fimbo huchanganywa sawa kwa sawa kwa ujazo. Usipime kwa mizani, kwa kuwa resini ni nzito kuliko kigumishi, na gramu sawa si ujazo sawa. Na usichanganye kiasi kidogo mno. Ukitumia mililita 1 ya kila upande, kosa la mililita 0.2 ni asilimia 20. Ukitumia mililita 3, kosa hilohilo linashuka chini ya asilimia 7. Ni afadhali umwage kilichobaki. Bomba la sindano la duka la dawa linaonekana kufaa, lakini mengi yana mpira uliopakwa mafuta ya silikoni ili uteleze, na silikoni hiyo ikiingia kwenye mchanganyiko utaona epoksi ikikimbia sehemu fulani za uzi na kuacha vijishimo. Tafuta la plastiki tupu, lisilo na mpira, na uweke moja la resini na jingine la kigumishi bila kuyabadilisha. Mafuta ya vidole hufanya madhara hayohayo, basi futa ufito kwa spiriti kabla ya kufunga uzi, na ukishamaliza usiushikeshike.

Koroga polepole kwa dakika mbili au tatu, ukikwangua kuta na chini ya kikombe, kisha umimine yote juu ya foili. Ikiwa imekusanyika kikombeni, epoksi hujipasha moto yenyewe na kuganda upesi. Ikitandazwa, joto hutoka, mapovu hupasuka na muda wako wa kupaka huongezeka. Mapovu yanayobaki kwenye uzi huondolewa kwa kupitisha kwa haraka moto wa taa ya spiriti chini yake. Kibiriti cha gesi huacha masizi. Vaa glavu wakati wote, kwa sababu ngozi ikishaanza kuikataa epoksi haiachi, na wapo waliolazimika kuiaga kazi hii kwa ajili ya mwasho.

Msimu wa kufanyia kazi Nairobi ni jambo la kupangwa. Maelekezo ya chupa huchukulia chumba chenye nyuzijoto 21 hadi 24. Mwezi Julai usiku hapa hushuka hadi 11 au 12, na nyumba zetu nyingi hazina kipasha joto. Kwa kanuni ya jumla ya kemia, joto likishuka kwa nyuzijoto 10 mmenyuko hupungua kasi kwa takriban nusu, hivyo epoksi iliyotakiwa iwe imeganda ukienda kulala inakuwa ingali maji. Baridi pamoja na unyevu huleta utando wa mafuta juu ya gamba, kigumishi kikishikana na hewa ya kaboni na mvuke badala ya resini. Utando huo uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukaushe, ndipo upake mkono wa pili, la sivyo hautashika. Resini yenyewe nayo huweza kuganda chembechembe nyeupe chupani wakati wa baridi. Usiitupe. Iweke kwenye maji ya moto ya nyuzijoto 50 hivi, ukiwa umekaza kifuniko, mpaka irudi kuwa angavu. Anza kupaka asubuhi ya siku yenye jua, si jioni.

Wakati epoksi inaganda, fimbo lazima izunguke ili uji usijikusanye upande mmoja. Mota bora kwa bei ya chini ni ile inayozungusha sahani ya maikrowevu. Mafundi wa vifaa vya umeme wa barabara ya Luthuli huzitoa kwenye maikrowevu zilizokufa, na nyingi zimeandikwa 5/6, maana yake mizunguko 5 kwa dakika kwa umeme wa hezi 50 kama wetu, au 6 kwa hezi 60. Inatosha kabisa. Ila hutumia umeme wa ukutani, kwa hiyo mwombe fundi aifunge ndani ya kisanduku, waya zisibaki wazi.

Stima ikipotea katikati ya kazi, usiihangaikie mota. Geuza fimbo kwa mkono nusu mzunguko kila baada ya dakika moja au mbili mwanzoni, halafu kila dakika tano uji ukianza kuwa mzito, mpaka uone hauteremki tena. Hii ni sababu nyingine ya kupaka mkono mwembamba, kwa kuwa hauna cha kudondosha. Mkono wa pili uje ndani ya saa 24 hivi. Ukichelewa zaidi, piga msasa laini kidogo kwanza. Baada ya mkono wa mwisho, gamba huwa kavu kwa kugusa siku inayofuata, lakini bado linaendelea kukomaa ndani. Lipe wiki nzima, na mwezi Julai liongezee siku kadhaa, kabla ya kumkunjia samaki fimbo hiyo.