Probesheni inaweza kupunguza wafungwa, na inaweza kuwaongeza pia

Nikimwambia mtu mi ni afisa wa probesheni, swali huwa ni lile lile, "kwa hiyo nyie ndo mnaowaachia wezi?" Jamani hakuna aliyeachiwa. Mtu ameshapatikana na hatia, ila mahakama badala ya kumtupa gerezani imempa masharti na muda, labda mwaka, labda miaka 3, anakaa kwake anafanya kazi zake huku mi namwangalia, na akiyavunja yale masharti anarudi mbele ya hakimu na anaweza kufungwa. Hapo kwenye kuvunja masharti ndo nataka tukae leo.

Kujaa kwa magereza hakuna ubishi. Duniani kuna watu kama milioni 11 wako ndani, na karibu thuluthi moja yao ni mahabusu, kesi zao hata hazijaisha. Mtu wa wizi mdogo anafungwa miezi 3, ndani hapati ufundi wowote maana muda wenyewe hautoshi, akitoka kazi hana, kodi ya nyumba imelala, watoto wametawanywa kwa ndugu, na waliobaki kumpigia simu ni wale aliolala nao seli moja. Unategemea nini hapo?

Hii probesheni aliianzisha fundi viatu. Ni Boston, Marekani, mwaka 1841, John Augustus yuko mahakamani akamwona mlevi mmoja kavaa matambara anasubiri kupelekwa ndani, wakaongea, yule bwana akaapa akinusurika hagusi pombe tena, Augustus akamdhamini. Wiki 3 baadaye wakarudi wote, jamaa kabadilika mpaka maafisa wa mahakama hawaamini kama ni yule yule, hakimu akamtoza faini ya senti 1 na gharama za kesi, basi. Mpaka anafariki mwaka 1859 Augustus alishadhamini watu karibu 2,000, na wala hakuna aliyemlipa mshahara. Ila hakuwa anadhamini kila mtu tu, alikuwa anachunguza kwanza, huyu ni nani, ana umri gani, anaishi na kina nani. Ndo kazi yangu hiyo mpaka leo, kabla ya hukumu naenda nyumbani kwa mtu, naongea na mama yake, na majirani, na aliyeibiwa pia, halafu naandika ripoti kwa hakimu. Jimbo la Massachusetts, ilipo Boston, wakaiweka kwenye sheria mwaka 1878, Uingereza mwaka 1907, na sheria ile ya Uingereza ilisema kazi ya afisa ni kumshauri mtu, kumsaidia na kuwa rafiki yake. Rafiki, imeandikwa hivo hivo kwenye sheria.

Sasa angalia Marekani. Wana watu karibu milioni 2 ndani, na juu ya hapo wana kama milioni 3 wako kwenye probesheni, sasa kama probesheni ingekuwa inachukua nafasi ya jela si wale wa ndani wangekuwa wachache? Kuna mambo mawili yanatokea. La kwanza, hakimu akishakuwa na probesheni mkononi anampa hata yule ambaye zamani angepewa onyo tu akaenda zake, kwa hiyo wanaoongezeka ni watu walio chini ya mahakama na wa jela wanabaki vile vile. La pili ndo baya zaidi, masharti. Usichelewe kuripoti, usihame bila ruhusa, usisafiri, lipa ada, pima mkojo kuona kama unatumia dawa za kulevya. Mtu hajaiba tena, hajampiga mtu, kakosa tu kuripoti, na anafungwa kwa hilo.

Wengi mnamjua Meek Mill, yule rapa wa Marekani. Alikamatwa mwaka 2007 akiwa na miaka 19, probesheni yake ikaongezwa na kuongezwa, mwezi wa 11 mwaka 2017 akapewa kifungo cha miaka 2 mpaka 4 kwa kuvunja masharti, na mojawapo ya yaliyomponza ni kuendesha pikipiki kwa mbwembwe barabarani, mashtaka ambayo yalikuwa yameshafutwa. Miaka 10 mtu bado anafuatwa na kosa la ujanani! Yeye ana jina na mawakili, akatoka baada ya miezi 5 hivi. Asiye na jina je?

Mi mwenyewe niliwahi kukaribia kumfanyia mtu hivyo. Kijana wa wizi, aripoti kila Jumatatu saa 3 asubuhi, akakosa mara mbili mfululizo na fomu ya kumrudisha mahakamani nilishaanza kuijaza. Nikasema ngoja nimpigie. Kumbe ni mlinzi wa usiku, shifti inaisha saa 2 na mwenzake akichelewa kumpokea hawezi kuacha lindo, akiliacha kazi hana, na kazi yenyewe ilikuwa ni sharti mojawapo! Nikamhamishia Alhamisi mchana. Hakukosa tena mpaka muda wake ukaisha, na ile fomu nilichana.

Na msidhani ukimbana mtu sana ndo anatulia. Mtu ambaye hatari yake ni ndogo ukimwita kila wiki, ukamchanganya kwenye benchi na wazoefu, ukamvurugia kazi, unamharibu, hili watafiti wameliona miaka mingi. Nguvu ipelekwe kwa wale wenye hatari kubwa, na muda uwe mfupi, maana anayeharibu huwa anaharibu miezi ya mwanzo.

Kwa hiyo ndugu yako akipewa probesheni, msitoke mahakamani kwa furaha tu. Mwombeni karani nakala ya masharti, msome moja moja siku hiyo hiyo, na kama kuna lisilowezekana, siku ya kuripoti inagongana na kazi au nauli haipo, mwambieni afisa mapema kabla hajakosa hata mara moja. Likishaandikwa kwenye faili kuwa amekosa, kulifuta ni kazi.