Hitilafu ya data na hitilafu ya mawimbi katika picha ya konsoli ya zamani

Mtu anayenunua konsoli ya michezo iliyokwisha kutumika, hasa zile za miaka ya 1980, mara nyingi hukutana na picha isiyo sawa: herufi zimevurugika, mistari ya wima imejaa kiooni, rangi zimepotea, au runinga inawaka na kuzima bila kukoma. Kasoro hizi, hata zikifanana machoni, ni za aina mbili. Hitilafu ya data hutokea kabla picha haijaundwa, pale chipu ya picha inaposoma taarifa zisizo sahihi. Hitilafu ya mawimbi hutokea picha ikiwa imekwisha kuundwa vizuri, nayo iko njiani kwenda kwenye runinga. Ni kama barua: yaweza kuandikwa vibaya tangu mwanzo, na yaweza kuandikwa vizuri kisha ikalowa njiani. Fundi asiyetenganisha mambo haya mawili huishia kung'oa kapasita (vijenzi vidogo vya bodi vinavyohifadhi na kutuliza umeme) mahali palipohitaji pamba na spiriti tu, na mwenye mali hulipia kazi ambayo haikuhitajika.

Mfano unaofaa kuieleza dhana hii ni Famicom, konsoli ambayo Nintendo iliizindua Japani mwezi Julai 1983, pamoja na NES, umbo lake la pili lililoingia sokoni Marekani mwaka 1985. Mashine nyingi za kuiga Famicom zilizouzwa Afrika Mashariki zinafuata mpangilio uleule wa ndani, kwa hiyo yanayosemwa hapa yanazihusu pia kwa sehemu kubwa.

Picha ya Famicom ina nukta 256 kwa upana na 240 kwa urefu, lakini chipu ya picha haihifadhi nukta hizo moja moja. Huijenga picha kwa vigae vidogo vya nukta 8 kwa 8, na kila kigae huchukua baiti 16 (baiti moja ni biti nane, na biti ni tarakimu moja tu, sifuri au moja). Katika kaseti nyingi vigae hivyo vimo ndani ya chipu yao wenyewe, tofauti na chipu inayobeba programu ya mchezo, na kila chipu ina njia zake za kupitishia data hadi kwenye konsoli. Hapo ndipo penye siri ya utambuzi wote. Pini za upande wa vigae zikishika kutu au uchafu, mchezo unaendelea kama kawaida, muziki unapiga, mhusika anaruka ukibonyeza kitufe, ila sura yake ni mchanganyiko wa vipande visivyoeleweka. Pini za upande wa programu zikikosa kugusa, mchezo hauanzi kabisa: kioo hubaki na rangi moja, au mchezo hukwama papo hapo.

Anayeitazama picha kwa utulivu anaweza hata kukisia ni pini za kundi gani zinazosumbua. Kila baiti ya kigae inabeba mstari mmoja wa nukta nane, biti moja kwa kila nukta, na baiti nyingine huja kuongezea biti ya pili ili rangi zipatikane. Njia moja ya data ikikatika, nukta ileile itakosekana au itazidi katika kila kigae, na matokeo yake ni mistari ya wima inayojirudia kila baada ya nukta nane. Njia za anwani, yaani zile zinazoiambia chipu ya kaseti ni baiti ipi isomwe, zikikatika, mambo huwa mengine: zile tatu za chini huvuruga mpangilio wa mistari ndani ya kigae, ya nne huharibu rangi, na zile za juu yake huleta kigae kisicho chake, hivyo neno linalopaswa kusomeka vizuri hujaa herufi za kigeni ambazo kila moja, peke yake, imechorwa bila kasoro. Kasoro ikionekana katika kaseti moja tu, chanzo kimo katika kaseti hiyo. Ikijirudia kwa namna ileile katika kila kaseti, mtuhumiwa ni kiunganishi cha konsoli, yaani tundu linalopokea kaseti, au chipu zilizo kwenye bodi yake.

Kuna kipimo kimoja ambacho mimi hukithamini kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji kifaa chochote. Anzisha mchezo, msogeze mhusika kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, kisha uangalie doa linakwenda wapi. Doa linalosafiri pamoja na mhusika limo katika data ya kigae chake. Doa linalobaki mahali pamoja kiooni, huku mhusika akipita chini yake, karibu kila mara ni la mawimbi au la runinga yenyewe.

NES ina jambo lake la ziada. Ndani yake mna chipu ya ulinzi inayowasiliana na mwenzake aliye ndani ya kaseti, na mawasiliano hayo yakikatika konsoli huanzishwa upya takriban mara moja kila sekunde, ndiyo maana taa nyekundu na kioo huwaka na kuzima kwa pamoja. Watu wengi hudhani konsoli imekufa, kumbe kiunganishi chake cha pini 72 kimelegea au kimechafuka. Famicom, yenye kaseti za pini 60, haina chipu hiyo.

Tiba ya kwanza ya hitilafu ya data ni usafi: konsoli ikiwa imezimwa, pini za kaseti zisuguliwe kwa pamba iliyochovywa katika spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha ziachwe zikauke. Ile desturi ya kuipuliza kaseti kwa mdomo iachwe kabisa. Unyevu wa pumzi huchochea kutu, na Nintendo wenyewe waliwakataza wateja wao kufanya hivyo. Ikiwa kaseti inaonekana kupona baada ya kupulizwa, mara nyingi kilichosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya.

Kwa upande wa mawimbi, tatizo linalowakuta wengi katika ukanda wetu si ubovu hata kidogo. Konsoli za Japani na Marekani hutoa picha kwa mfumo wa runinga uitwao NTSC, takriban picha 60 kwa sekunde, ilhali runinga za chogo zilizouzwa Kenya na Tanzania zilitengenezwa kwa mfumo mwingine, PAL, wenye 50. Runinga inayojua PAL pekee huonyesha picha hiyo bila rangi, na wakati mwingine picha hupanda au kushuka bila kutulia. Famicom ya awali, isiyo na tundu za AV (za nyaya za picha na sauti), huongeza ugumu mwingine: hurusha picha kwa chaneli za Japani zilizo kati ya MHz 90 na 102, eneo ambalo huku ni la redio za FM.

Ubovu halisi wa mawimbi una sura zake. Mistari ya wima iliyofifia, iliyotulia kiooni na isiyobadilisha umbo la kitu chochote, hutokana na kelele za umeme zinazoingia kwenye njia ya picha ndani ya bodi, na konsoli nyingi zimetoka nayo kiwandani. Mikanda mipana ya giza inayopita kwa mlalo huashiria kapasita za kuchuja umeme zilizochoka, au adapta duni. Adapta yenyewe ipewe uangalifu wa pekee: ya Famicom hutoa umeme wa DC (wa mkondo mmoja), ya NES ya Marekani hutoa volti 9 za AC (umeme wa mkondo geu), na kuichomeka hiyo ya pili kwenye Famicom kunaweza kuiunguza.

Ipo pia kasoro isiyo ya data wala ya mawimbi. Chipu ya picha ya Famicom haiwezi kuchora zaidi ya vigae vinane vinavyojongea katika mstari mmoja wa mlalo, kwa hiyo maadui wakijipanga pamoja, watengenezaji wa michezo huwafanya waonekane kwa zamu, na jicho huona wakimetameta. Mnunuzi akiona hivyo wakati kioo kimejaa, kisha picha ikatulia maadui wanapopungua, hana sababu ya kuirudisha konsoli wala kuomba apunguziwe bei.