Mama aliyekoma hedhi akiona damu asingoje: tuujue uvimbe na saratani za kizazi

Wanawake wengi hapa Tanga wanaofika kliniki na karatasi ya ultrasaundi mkononi huwa wameshalia kabla ya kuingia. Karatasi inasema kizazi kina uvimbe, na moyoni mwao uvimbe ni saratani. Tukishawaeleza, wengi wao hurudi nyumbani bila hata kidonge. Halafu yuko bibi wa miaka sitini na kitu, katoka Pongwe au Muheza kwa ajili ya presha. Akiulizwa vizuri ndipo anasema kwa sauti ya chini kwamba ameona damu kidogo mara mbili tatu, na hedhi yake ilikoma miaka kumi iliyopita. Haiumi, anasema. Mashoga zake wamemtania kuwa usichana umemrudia. Sisi wa kliniki tunayemhofia ni huyu bibi.

Kizazi, au mji wa mimba, ni mfuko wa misuli. Ndani yake kuna utando unaojengeka na kubomoka kila mwezi, ukatoka kama hedhi. Chini kuna mlango wa kizazi, unaofungukia ukeni. Misuli ina maradhi yake, utando una yake, na mlango una yake. Kwa hiyo ukiambiwa una uvimbe, swali la kwanza kumuuliza daktari ni uko wapi, hata kabla ya ukubwa wake.

Uvimbe wa misuli huitwa fibroidi, na ndio tunaoukuta zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikadiria kuwa wanawake weusi zaidi ya 80 katika kila 100 huwa nao wanapofikia miaka 50, na wengi hawajui. Unaweza kuwa mdogo kama punje ya choroko au ukapita chungwa la Muheza. Ukichomoza kuelekea ndani ya mfuko, hata ukiwa mdogo, huleta hedhi nzito, upungufu wa damu, na wakati mwingine ugumu wa kushika mimba. Ukichomoza nje huweza kuwa mkubwa na usilete zaidi ya kwenda haja ndogo kila mara. Usiosumbua huangaliwa tu. Unaosumbua una dawa za kupunguza damu ya hedhi, una kitanzi chenye homoni, una upasuaji wa kuutoa uvimbe na kubakiza kizazi, na kwa aliyemaliza kuzaa, upasuaji wa kukitoa kizazi chenyewe.

Fibroidi hulishwa na homoni za kike, na hedhi ikikoma husinyaa yenyewe. Hapo ndipo wauzaji wa dawa za kuyeyusha uvimbe wanapopata sifa wasizostahili: mama wa miaka 51 anakunywa chupa tatu, uvimbe unapungua kwa sababu ya umri, na dawa inasifiwa mtaa mzima. Hakuna kinywaji cha mitishamba kilichothibitishwa kuyeyusha fibroidi. Maumivu ya tumbo tunayozoea kuyaita chango yamewafanya wengine wanywe mizizi miaka mingi huku damu ikiwaishia mwilini.

Fibroidi kugeuka saratani ni jambo la nadra mno. Ipo saratani ya misuli ya kizazi, sarkoma, nayo ni adimu, lakini kwenye ultrasaundi inaweza kufanana na fibroidi. Kinachotushtua ni uvimbe unaokua baada ya hedhi kukoma, wakati ambao ungepaswa kusinyaa. Huo usisubiriwe.

Sasa turudi kwa yule bibi. Saratani ya utando wa ndani huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi. Chanzo kikubwa ni estrojeni, homoni ya kike, kuuchochea utando miaka mingi bila homoni mwenzake, projesteroni, ya kuutuliza. Mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni hata baada ya ovari kupumzika, ndiyo maana unene mkubwa huongeza hatari. Kisukari nacho kimo. Wamo pia wanaopata hedhi mara chache kwa mwaka kwa sababu yai halipevuki, wanaotumia tamoksifeni kwa ajili ya saratani ya matiti, na wenye ndugu wa damu waliougua saratani ya utumbo mpana au ya kizazi katika umri mdogo. Vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo mitaani vinasingiziwa kuozesha kizazi, hupunguza hatari ya saratani hii, na kinga hiyo hubaki miaka mingi baada ya kuviacha.

Katika wanawake 100 wenye saratani hii waliokwisha koma hedhi, kama 90 walitokwa damu kwanza. Lakini katika wanawake 100 wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi, wenye saratani ni kama 9 au 10. Wengine wana ukavu wa uke, vinyama vilivyoota visivyo na madhara, au maambukizi. Kwa hiyo kuja kupimwa si kujitafutia msiba, na kukaa nyumbani ni kuiacha dalili iliyojitokeza mapema, wakati upasuaji peke yake mara nyingi hutosha. Aliyefikia umri wa kukoma akakaa miezi 12 mfululizo bila hedhi amekoma. Damu yoyote baada ya hapo, hata tone, hata majimaji ya rangi ya waridi kwenye kanga, ni ya kupimwa.

Ultrasaundi ya njia ya uke hupima unene wa utando. Ukiwa chini ya milimita 4, uwezekano wa saratani ni mdogo. Nasisitiza mdogo, kwa sababu aina kali za saratani hii, ambazo huwapata zaidi wanawake weusi, huweza kuanza kwenye utando mwembamba. Damu ikirudi, picha nzuri isikutulize. Kinachomaliza ubishi ni kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha utando, kwa mrija mwembamba unaopitishwa mlangoni mwa kizazi. Kipimo hicho huuma kama tumbo la hedhi, dakika chache, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Saratani ya mlango wa kizazi ni jambo jingine kabisa. Husababishwa na virusi vya HPV, na ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Ina chanjo, inayotolewa kwa wasichana nchini tangu 2018, na ina kipimo cha vinega, yaani siki inayopakwa mlangoni mwa kizazi. Mama aliyepimwa kwa vinega akaambiwa yuko salama amepimwa mlango tu; kipimo hicho hakioni kilicho ndani ya mfuko. Kutokwa damu baada ya tendo la ndoa ni dalili ya kuja upesi, uwe na umri wowote.

Wanawake wadogo, walio katika umri wa kuzaa, nao wana lao. Mimba zabibu ni mimba ambayo mara nyingi haina mtoto: kondo la nyuma huvimba na kuwa malengelenge, tumbo hukua kupita miezi ya mimba, kutapika huzidi. Baada ya kusafishwa, homoni ya mimba hupimwa tena na tena hadi iishe, na mama hutakiwa asishike mimba nyingine katika muda huo. Asiyefuatilia anaweza kupata saratani ya kondo, inayokimbilia mapafuni. Hata hiyo hutibika. Ni miongoni mwa saratani za kwanza kuponywa kwa dawa peke yake, miaka ya 1950.

Kwa mkoa wetu, kituo cha afya kinaweza kukupa rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa, na panapohitajika mionzi unaweza kupelekwa Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Ukija, njoo na tarehe ulizoona damu na dawa zote unazotumia, za miti zikiwemo. Na ukitolewa kinyama au uvimbe wowote, uliza umepelekwa maabara gani na jibu linatoka lini. Jibu hilo lidai kwa maandishi, hata kama mshono umepona na unajisikia mzima.