Fidia ya ajali kazini huanzia kwenye orodha ya mishahara

Kila ifikapo Aprili 28, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, na tena mwezi Julai kwenye mabanda ya Sabasaba, meza ya elimu ya Mfuko wetu wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) wa Tanzania Bara hupokea wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni mwajiri anayetaka kujua kwa nini achangie kwa ajili ya ajali ambazo kwake "hazijawahi kutokea". Wa pili ni mfanyakazi aliyeumia, au nduguye aliyetumwa, na swali lake ni fupi: kidole kimoja ni shilingi ngapi?

Kidole hakina bei. Tumelisema hili redioni, kwenye semina na kwenye vipeperushi, na bado linarudi, kwa hiyo nitalieleza tena kwa utaratibu. Mfanyakazi akishatibiwa mpaka hali yake ikatulia, yaani daktari akiona matibabu zaidi hayatabadilisha sana hali ya kiungo, ndipo tathmini ya ulemavu hufanyika. Hutolewa kwa asilimia. Asilimia hiyo huenda sambamba na kipato cha mfanyakazi, na hapo ndipo fedha hupatikana. Watu wawili waliokatwa kidole kilekile na mashine ileile wanaweza kulipwa kiasi tofauti kwa sababu mishahara yao ni tofauti. Huo si upendeleo, na aliyelipwa pungufu hajaibiwa na ofisa wetu. Fidia inaziba pengo la kipato kilichopotea, na kipato cha kila mtu ni chake.

Wapo pia wanaokuja wameshakata tamaa, wakisema fidia ya serikali ni laki moja tu. Najua walikoipata. Chini ya sheria ya zamani, iliyorithiwa tangu enzi za ukoloni, kiwango cha juu kwa ulemavu kamili wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, na kwa kifo shilingi 83,000. Sheria hiyo imeshaondoka. Iliyopo ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyotungwa mwaka 2008. Mfuko ulianza kupokea michango Julai 1, 2015 na kulipa mafao Julai 1, 2016. Anayemwambia mjane leo kwamba atapata elfu themanini na tatu anamzuia asidai haki yake.

Mshahara ulioandikwa ndio mshahara unaofidiwa

Sasa niseme kinachotusumbua zaidi, na ambacho wafanyakazi wengi hawakijui mpaka siku ya ajali. Mwajiri huchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa kila mwezi, sekta binafsi na sekta ya umma sawasawa. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022. Mchango huu ni wa mwajiri peke yake. Ukiona kwenye hati yako ya mshahara makato yameandikwa WCF, makato hayo ni kinyume cha sheria, na tungependa kuiona hati hiyo.

Chukua fundi wa kiwanda anayelipwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mchango ambao mwajiri anamlipia ni shilingi 5,000. Baadhi ya waajiri huandika kwetu kwamba fundi huyo analipwa 500,000 na nusu nyingine wanampa mkononi, au wanaiita posho ya hili na lile. Wanaokoa shilingi 2,500 kwa mwezi. Fundi akianguka kutoka kwenye jukwaa na kulazwa, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, na yanaweza kuendelea hadi miezi 24. Kwa mshahara halisi angepata 700,000 kila mwezi. Kwa mshahara ulioandikwa anapata 350,000. Nyumbani kodi ni ileile, ada ya shule ni ileile, na mwajiri aliyeokoa shilingi 2,500 huwa wa kwanza kumwambia kwamba WCF inachelewesha na inapunja.

Hatumwachi hapo. Mkataba, taarifa za benki, hati za mshahara na kumbukumbu za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, husaidia kuthibitisha kipato cha kweli, yaani mshahara pamoja na posho za kudumu zinazolipwa mara kwa mara. Lakini uthibitisho huchukua muda, na wakati huo mgonjwa yuko kitandani. Hivyo nawasihi wafanyakazi: usisubiri kuumia ndipo uulize umeandikwa kiasi gani. Muulize mtu wa rasilimali watu wiki hii. Swali hilo halihitaji ujasiri wa ajabu, ingawa nafahamu kwamba kwenye baadhi ya maeneo ya kazi hata kuuliza saa ya mapumziko ni kesi.

Kwa upande wa mwajiri, naomba hesabu hii isomwe taratibu. Mchango uliochelewa huongezewa adhabu ya asilimia 2 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Malimbikizo ya shilingi 6,000,000 yanazaa shilingi 120,000 mwezi wa kwanza, na mwezi unaofuata hesabu inaendelea. Kutokujisajili ni kosa la jinai lenye faini isiyozidi shilingi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili. Tunapendelea mwajiri aje mwenyewe tupange namna ya kulipa kuliko kukutana naye mahakamani. Hata hivyo mahakamani tunakwenda. Na mfanyakazi ambaye mwajiri wake hajajisajili asiambiwe kwamba basi hana haki. Kosa la mwajiri si kosa lake. Alete taarifa ya ajali, hayo mengine tutamalizana na mwajiri.

Siku saba

Mfanyakazi akiumia, jambo la kwanza ni hospitali. Fomu haitangulii damu. Mwajiri apange usafiri na amfikishe kwenye kituo cha tiba. Gharama za matibabu ya jeraha la kazini ni sehemu ya mafao, na mwajiri au mfanyakazi aliyetoa fedha mfukoni hudai kurejeshewa kwa risiti halali. Risiti ya karatasi lililochanika lenye neno "dawa" na jumla ya fedha haitoshi. Iwe na jina la mgonjwa, tarehe, na huduma iliyotolewa. Hapa tunabishana na watu kila siku, na naelewa kwamba saa nane za usiku kwenye duka la dawa hakuna anayefikiria muhuri.

Baada ya hapo saa inaanza kuhesabu. Mfanyakazi anapaswa kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo, na mwajiri anapaswa kuijulisha WCF ndani ya siku 7 tangu apate habari. Taarifa hutumwa kupitia mfumo wetu wa mtandaoni au ofisi za mikoa. Kuijulisha OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, ambako ni wajibu mwingine chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, hakumaanishi kwamba sisi tumejulishwa. Hizi ni taasisi mbili. OSHA inakagua ili ajali isitokee, sisi tunalipa ikitokea. Vilevile kumwambia msimamizi wa zamu, naye akasema "tutaona", hakujafikisha taarifa kwetu. Omba nakala. Andika ujumbe mfupi wa simu ukitaja tarehe, saa, mahali na mashine. Ujumbe wa simu una tarehe yake, na tarehe ndiyo tunayoitafuta.

Kwa ajali ya barabarani ya dereva au mfanyakazi aliyetumwa kikazi, taarifa ya polisi inahitajika. Mfanyakazi aliyeumia ndani ya gari ambalo mwajiri ametoa mahususi kupeleka watu kazini na kuwarudisha, huyo huhesabiwa kuwa ameumia kazini, bila mjadala mrefu. Maombi ya fidia yenyewe yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali au kifo. Wapo wanaokuja mwaka wa tatu kwa sababu bosi aliahidi "tutamalizana kiutu uzima". Bosi huyo ameshauza kampuni, na mashahidi wamehamia Mwanza.

Karatasi za mapumziko ya daktari, zile ambazo wengi huziita ED, zitunzwe zote kwa mfululizo. Malipo ya ulemavu wa muda husimama juu ya karatasi hizo. Ikiwa kati ya ED ya Machi na ya Mei hakuna kitu cha Aprili, sisi hatuwezi kuibuni Aprili.

Magonjwa yatokanayo na kazi huachwa nyuma katika mazungumzo haya kwa sababu hayana kishindo. Mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka mingi, au mhudumu wa mashine ambaye sasa anaongea kwa kupaza sauti kwa sababu hasikii vizuri, naye amedhurika na kazi. Mwambie daktari unafanya kazi gani na umeifanya kwa muda gani. Madaktari wengi hawaulizi, na bila habari hiyo faili litaandikwa kifua tu.

Kinacholipwa

Mafao ni saba: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, malipo kwa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, huduma za utengamao, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa marehemu. Huduma za utengamao, yaani kumsaidia mtu kurudi kazini au kujifunza kazi nyingine, ndizo zinazoulizwa kidogo kuliko zote. Inasikitisha, kwa sababu kijana wa miaka 27 aliyepoteza mguu ana miaka zaidi ya thelathini ya kazi mbele yake.

Ulemavu wa kudumu uliotathminiwa kuwa asilimia 30 au chini yake hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Watu wengi hulalamikia hii ya pili na kuomba wapewe zote kwa pamoja ili wanunue bajaji. Sheria haituruhusu, na kwa maoni yangu ilikuwa sahihi kutoturuhusu.

Kwa kifo, pensheni ya wategemezi huhesabiwa kutoka kwenye pensheni ambayo marehemu angelipwa kama angekuwa na ulemavu kamili. Turudi kwa fundi wa shilingi 1,000,000. Pensheni hiyo ni asilimia 70 ya kipato chake, yaani 700,000. Mjane hupata asilimia 40, yaani 280,000 kwa mwezi. Kila mtoto hupata asilimia 20, yaani 140,000, na jumla yote haivuki asilimia 100. Wajane wakiwa zaidi ya mmoja, hugawana ile asilimia 40 ya mwenza. Mafungu haya yamepangwa na sheria, hivyo kikao cha ukoo hakiwezi kuyapangua. Tumeletewa mihutasari yenye sahihi za watu kumi na wawili ikieleza kwamba fedha zote zipitie kwa baba mdogo "kwa niaba ya watoto". Tunaipokea kwa heshima na tunaendelea na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa. Familia isiyo na vyeti hivyo ianze kuvitafuta mapema, maana hapo ndipo faili nyingi za vifo hukwama.

Kuna mambo tusiyolipa, na ni vizuri yajulikane. Aliyeumia kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, mfano kuendesha mashine akiwa amelewa, anaweza kukosa fidia, isipokuwa pale ajali iliposababisha ulemavu mkubwa au kifo kilichoacha wategemezi. Waajiri wengine hukimbilia neno "uzembe" kwenye kila taarifa. Kusahau kuvaa glavu siku moja si kujiumiza makusudi, na aliyekabidhiwa glavu zilizotoboka hahitaji utetezi mwingine zaidi ya kuzionyesha. Mtu aliyejiajiri asiye na mwajiri, kama dereva wa bodaboda anayeendesha pikipiki yake, hayumo katika utaratibu niliouelezea. Sheria hii ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake.

Kufungua madai kwetu hakulipiwi. Anayejitambulisha kama mtu wa ndani ya WCF na kuomba asilimia kumi ili "asukume faili" ni kishoka, hata akiwa amevaa beji. Faili husukumwa na nyaraka kamili.

Asiyeridhika na uamuzi, iwe ni asilimia ya ulemavu au kukataliwa kwa madai, aombe kwa maandishi kwamba Mkurugenzi Mkuu aupitie upya. Asiporidhika tena, kuna rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada ya hapo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Barua iseme nini hasa kinapingwa. "Nimeonewa" haitupi pa kuanzia. "Daktari alipima mkono wa kulia, lakini bega la kushoto pia liliumia na halimo kwenye ripoti ya tarehe fulani" inatupa, na barua ya namna hiyo huambatanishwa na ripoti ya hospitali, namba ya madai, na namba ya simu inayopatikana.